Hesi za Bolti ya Oili: Maneno na Kazi Katika Gereji za Ngara na Biharamulo

Utangulizi

Katika kuunda istilahi za Kiswahili tumezoea kuanza na maneno ya sheria, ya utawala na ya sayansi zinazofundishwa shuleni. Maneno ya gereji tumeyaacha yajitafutie njia yenyewe. Matokeo yake ni kwamba kitabu cha mafunzo kikifasiriwa ofisini, mara nyingi huzungumza lugha moja, na fundi aliyeinama chini ya pikipiki huzungumza nyingine. Makala haya yanakusudia kutazama kazi moja ndogo, nayo ni kutengeneza upya hesi zilizonyofoka katika tundu la kumwagia oili ya pikipiki. Tutaeleza historia ya maneno yake, tutaonyesha jinsi kazi yenyewe inavyofanywa, kisha tutapendekeza istilahi. Tumechagua wilaya za Ngara na Biharamulo katika Mkoa wa Kagera kwa sababu ndiko maneno ya pwani, ya Kiingereza na ya Kifaransa yanakokutana juu ya benchi moja la fundi.

Pengine msomaji atauliza: tundu lenye upana wa milimita 12 lina uzito gani hata lishughulishe wanaisimu? Jibu ni kwamba injini ya pikipiki ya kawaida ya abiria huchukua oili karibu lita moja tu. Bolti ikichomoka njiani, lita hiyo humwagika kwa muda mfupi, na injini ikiendelea kuzunguka bila oili hunoki. Kwa kijana anayelisha nyumba yake kwa pikipiki hiyo, kunoki kwa injini ni kupotea kwa mtaji. Na katika visa vingi asili ya hasara hiyo si ukosefu wa bidii. Ni neno lililoeleweka vibaya kati ya mwenye pikipiki, muuza vipuri na fundi.

Asili ya maneno

Kiswahili hakikungoja pikipiki ili kupata maneno ya vitu vya kukaza kwa kuzungusha. Neno parafujo limetoka katika Kireno, pamoja na maneno kama meza na bendera. Lilibaki pwani baada ya Wareno wenyewe kutolewa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Kando ya parafujo lipo neno hesi, ambalo hutaja ule mfuo unaozunguka mwili wa parafujo kama ngazi. Ndiyo maana kamusi za zamani zilitaja pia msumari wa hesi, yaani msumari usiopigwa kwa nyundo bali huzungushwa kwa bisibisi. Kadhalika tunalo neno kereza, lenye maana ya kuchonga kitu huku kikizunguka. Seremala wa pwani alikereza miguu ya kitanda na vijiti vya msahafu muda mrefu kabla ya mashine ya kukereza chuma kufika bara.

Baadaye yalikuja maneno ya Kiingereza: bolti, nati, spana, skrubu, washa, bushi, oili. Haya yalienea pamoja na reli, karakana na magari, na leo hakuna fundi asiyeyajua. Hatuoni sababu ya kuyafukuza. Neno lililokwisha pata ngeli, likazoea viambishi vyetu na kutamkwa na kila mtu, limekwisha kuwa raia.

Shida iko katika lile jambo lililo muhimu kuliko yote katika ukarabati huu, yaani hesi yenyewe. Fundi wengi huitaja kwa neno la Kiingereza walilolitamka Kiswahili, sredi, au hulifasiri na kusema uzi. Mfano wa uzi si wa Waingereza peke yao, kwani Wafaransa nao wameunda neno lao la hesi kutokana na neno la uzi. Lakini katika gereji neno uzi lina kazi nyingine pia. Kiungo kinapovuja, watu wamezoea kukizungushia nyuzi au utepe wa plastiki kabla ya kukikaza. Basi mwenye pikipiki akiagiza "tia uzi kwenye bolti", anaweza kuwa ameagiza hesi zikatwe upya, ambayo ni dawa ya kweli. Au ameagiza bolti izungushiwe uzi wa cherehani, ambayo ni dawa ya siku mbili. Kazi hizo hazifanani hata kidogo, na bei zake pia hazifanani.

Usanifu wa hesi na usanifu wa lugha

Historia ya hesi yenyewe ina funzo kwa watu wa lugha. Mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa kila karakana ya Ulaya ilikata hesi kwa kipimo chake. Bolti ya karakana moja haikuingia katika nati ya jirani yake. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja kwa nchi yake, chenye mfuo wa pembe ya nyuzi 55. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers alipendekeza kingine, chenye pembe ya nyuzi 60. Mwaka 1898 mkutano uliofanyika Zürich, Uswisi, ulikubali hesi ya kipimo cha metriki. Katika Vita Kuu ya Pili Waingereza na Wamarekani walipata taabu kubwa kwa sababu vipuri vyao havikuingiliana, na mwaka 1948 nchi zao pamoja na Kanada zikakubaliana juu ya hesi moja.

Nasi tulipita njia inayofanana na hiyo. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Mwaka 1939 ikatoka kamusi iliyohaririwa na Frederick Johnson. Mwaka 1967 Bunge likapitisha sheria iliyoanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na mwaka 1987 Rajmund Ohly akatoa kamusi ya msingi ya ufundi. Neno tulilolitumia kwa kazi hiyo yote, kusanifu, linafaa vilevile kwa kazi ya Whitworth. Katika mambo yote mawili shabaha ni moja: kitu kilichotengenezwa mahali pamoja kiingie mahali pengine bila kulazimishwa.

Pikipiki za Kiingereza za zamani, kama zile za BSA, zilitumia hesi za inchi. Pikipiki za Kijapani zilizozifuata zilitumia hesi za metriki. Honda ilipotoa pikipiki yake ya CG125 mwaka 1976, ikiwa na injini nyepesi kutunza iliyokusudiwa nchi zenye barabara mbaya na gereji chache, muundo wake uliigwa baadaye na viwanda vingi vya China. Uigaji huo, pamoja na pikipiki za India, ndio uliozijaza barabara zetu. Kwa hiyo hesi ya metriki ndiyo inayotawala leo katika gereji za Ngara na Biharamulo.

Njia panda ya lugha

Wilaya hizi mbili hazikuwahi kuwa pembezoni mwa historia. Biharamulo ilikuwa na boma la Wajerumani, na mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji kutoka Kongo yaliingia humo. Mipaka ilipowekwa baada ya vita, Bugufi ikabaki Tanganyika, ingawa watu wake walikuwa na uhusiano wa karibu na Burundi. Hadi leo Kihangaza cha Ngara kinaelewana sana na Kirundi. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa ghafla. Pamoja na wakimbizi yalifika magari na pikipiki za mashirika ya misaada. Malori ya kwenda Kigali na Bujumbura nayo hupita katika nchi hii mchana na usiku.

Pale Rusumo dereva anayetoka Tanzania huacha kushika kushoto, akaanza kushika kulia. Maneno nayo hubadili upande. Hapa kwetu mtu humwaga oili; ng'ambo, kazi hiyohiyo huitwa kwa neno la Kifaransa vidange. Hapa ni bolti na nati. Kule ni boulon na écrou. Fundi wa mpakani huyaelewa yote mawili, na kwa hilo anastahili sifa. Lakini mwanafunzi wa ufundi anayesoma kitabu kilichofasiriwa Dar es Salaam hana msaada huo, na kitabu kikiyumba naye huyumba.

Hata neno bodaboda, ambalo sasa ni la kila mtu, lilizaliwa mpakani, kati ya Kenya na Uganda, kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo. Lilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Serikali yetu ilitoa kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kuchukua abiria mwaka 2010, lakini biashara na jina lake vilikuwa vimekwisha tangulia. Lugha ya barabarani haingoji gazeti la serikali.

Kwa nini hesi hunyofoka

Gamba la injini limetengenezwa kwa alumini, na bolti ya oili imetengenezwa kwa chuma cha pua au chuma kigumu. Vikishindana, alumini ndiyo inayoshindwa. Pikipiki inayokwenda kilomita 100 kwa siku na kubadilishwa oili kila kilomita 2,000 hufunguliwa bolti hiyo kila baada ya siku 20, yaani mara 18 kwa mwaka. Kila mara vumbi jekundu la barabara huweza kuingia katika hesi, washa ya zamani hurudishwa badala ya mpya, na fundi hukaza kwa spana ndefu kuliko inavyohitajika. Siku moja bolti huzunguka bila kukaza. Hesi za gamba zimetoka pamoja nayo, zikiwa kama nyuzi za fedha zilizoviringana.

Hapo fundi husema "imeliwa" au "imekufa". Sisi tungependa kutenganisha mambo mawili. Hesi iliyolika ni ile iliyopungua kidogo kidogo kwa matumizi, nayo bado hushika. Hesi iliyonyofoka ni ile iliyong'oka mahali pake, nayo haishiki tena. Tofauti hii si mchezo wa maneno, kwa maana ya kwanza hutibiwa kwa kusafisha na kubadili bolti, na ya pili haitibiki bila kutoboa.

Liko kosa jingine linalotokana na lugha moja kwa moja. Katika gereji zetu bolti huitwa kwa namba ya spana yake. Wakisema "bolti namba 17", maana yake ni bolti ambayo kichwa chake hufunguliwa kwa spana ya milimita 17. Katika pikipiki nyingi za muundo wa Kijapani, bolti yenye kichwa hicho ina mwili wa milimita 12. Lakini katika kipimo cha zamani cha Kijerumani, kichwa cha milimita 17 ni cha bolti yenye mwili wa milimita 10. Mtu akitumwa kutoka Rulenge kwenda kununua "namba 17" mjini, aweza kurudi na kitu kisichofaa, naye muuzaji hana kosa.

Tena mwili wa milimita 12 pekee hautoshi. Hesi za milimita 12 zipo ambazo umbali kati ya mfuo na mfuo ni milimita 1.75, zipo za 1.5 na zipo za 1.25. Bolti ya 1.25 ikitiwa katika tundu la 1.5 huingia mizunguko michache, kisha hukwama. Asiyejua hudhani ni uchafu, akaongeza nguvu, na alumini ikanyofoka. Umbali huo hauna jina lililoenea katika Kiswahili cha gereji. Neno la Kiingereza linaloutaja lina pia maana za lami, kiwanja na kidatu cha sauti, na mfasiri asiyewahi kushika spana anaweza kuchagua lolote kati ya hayo. Wafaransa huuita pas, yaani hatua. Nasi twaona hatua ya hesi ni jina linaloeleweka mara moja, kwa sababu bolti ikizungushwa mara moja husogea mbele hatua moja.

Namna ya kutengeneza

Kazi huanza kwa kumwaga oili yote na kusafisha tundu kwa mafuta ya taa. Kisha fundi hupima. Ikiwa hesi za mdomoni tu ndizo zilizoharibika na za ndani ni nzima, bolti ndefu kidogo yaweza kutosha, mradi isiguse kitu chochote ndani ya injini.

Ikiwa zote zimenyofoka, njia ya pili ni kupanua tundu. Kwa hesi mpya ya milimita 14 yenye hatua ya 1.5, tundu hutobolewa kwa keekee ya milimita 12.5, kisha hukatwa hesi kwa tepu. Tepu hupakwa grisi ili chembe za alumini zinase humo zisianguke ndani. Husimamishwa wima, huzungushwa nusu mzunguko mbele na robo nyuma, na kuchomolewa mara kwa mara ili isafishwe. Mafuta ya taa husaidia alumini ikatike bila kuganda kwenye tepu. Udhaifu wa njia hii ni kwamba hupunguza unene wa gamba kuzunguka tundu. Haiwezi kurudiwa mara nyingi.

Njia ya tatu ni kutia bushi yenye hesi nje na ndani. Mkerezaji huikereza kwa chuma au shaba nyeupe, akaiachia ukingo mdomoni ili isizame. Bushi huingizwa kwa gundi ya chuma inayostahimili joto, na bolti ya asili hurudi katika kipimo chake cha asili. Njia ya nne inafanana nayo, ila badala ya bushi hutumika waya wa chuma kisichoshika kutu, uliosokotwa kama springi. Waya huo una tepu yake maalumu. Hizi mbili ndizo bora, maana tangu siku hiyo chuma hukutana na chuma, na tundu huwa imara kuliko lilivyotoka kiwandani.

Kuchomelea alumini kunawezekana, lakini kunataka mashine ya gesi ya argoni na mkono uliozoea, na joto huweza kupinda gamba. Ama kuzungushia uzi, utepe au kipande cha mpira, hiyo ni ya kumfikisha mtu nyumbani tu. Vipande vyake vikikatika huweza kuziba chujio la oili, na injini ikafa kwa kiu hali oili imo ndani. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hapa hata kuziba kwenyewe kwategemea umeziba kwa nini.

Mwisho, tundu huoshwa kwa oili kidogo inayomiminwa juu na kuachwa ishuke na chembe zilizobaki. Washa mpya hutiwa, na bolti huanzwa kwa vidole kabla ya spana. Isipokubali vidole, hatua si yake.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo hayo tunapendekeza mambo yafuatayo kwa wafasiri, walimu wa ufundi na watumishi wanaoandika zabuni za vipuri.

Neno hesi litumike kwa mfuo wa bolti, nati na tundu, na neno uzi libaki kwa uzi. Hesi ni letu, ni fupi, na halina maana ya pili ya kumpoteza fundi. Parafujo, skrubu na bolti ziendelee kila moja na kazi yake.

Bolti ya oili, au kwa urefu bolti ya kumwagia oili, ndiyo iandikwe katika vitabu, kwa kuwa ndiyo isemwayo na wengi. Neno kizibo litumike kwa kinachozuia bila hesi.

Bolti itajwe kwa unene wa mwili na hatua yake, na namba ya spana iongezwe baada ya hapo. Kwa mfano: bolti ya 12, hatua 1.5, spana 17. Mwalimu akiwazoesha wanafunzi wake utaratibu huu, duka la Ngara na gereji ya Biharamulo zitaelewana hata kwa simu.

Kulika na kunyofoka zitenganishwe kama tulivyoeleza, na kukereza lirudishwe kwa heshima yake katika vitabu vya karakana, kwa kuwa ni neno la kale lililokwisha fanya kazi hiyo kwa mti na sasa laifanya kwa chuma.

Hitimisho

Tangu Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ilipoundwa mwaka 1994, vijana wengi wamepata mafunzo rasmi ya ufundi. Wengi zaidi, hata hivyo, hujifunza kwa kushika taa huku mkubwa wao akifanya kazi. Istilahi njema ni ile inayowafaa wote wawili: aliye darasani aikute gerejini, na aliye gerejini aikute kitabuni. Maneno tuliyoyapendekeza mengi hayakubuniwa ofisini. Yalikuwapo, mengine kwa karne kadhaa, yakingoja kupangiwa kazi. Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walimu walio karibu na gereji za mpakani, wayajaribu mbele ya mafundi wenyewe, na pale neno litakapokataa kuingia kwa vidole, watuarifu kabla hatujalikaza kwa spana.